Hasira ya Binti Mwema: Kulitazama Giza la Moyoni

Katika chama chetu cha kina mama hapa Manyatta, Kisumu, kulikuwa na mwanamke mmoja niliyemchukia ilhali hakuwahi kunikosea. Kosa lake lilikuwa neno moja. Kitabu cha mchango kikimfikia, na mfiwa awe nani, akiwa hana alisema, "Mwezi huu sina," akakipitisha kwa anayefuata na kuendelea na chai yake. Hakujieleza. Hakuomba radhi. Mimi nilikuwa natoa hata kama ni pesa za kukopa, kisha narudi nyumbani kumsimulia mume wangu jioni nzima: mtu gani huyu asiye na haya?

Jioni hizo hizo binti yangu akimwaga uji kidogo tu, nilimfokea hadi majirani wakapunguza redio wasikie vizuri.

Ilinichukua miaka kuona kwamba yule mama wa chama na ule uji uliomwagika vilikuwa jambo moja.

Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto sita, kwetu Bungoma. Nilipokuwa kidato cha pili, karo iliyopatikana ilimtosha mtoto mmoja, na mdogo wangu anayenifuata ndiyo kwanza alikuwa ameitwa sekondari. Nilifunga sanduku langu nikaja Kisumu kufanya kazi za nyumba. Kila mwisho wa mwezi nilituma pesa. Nikasifiwa kanisani, harusini, matangani: huyo ndiye mtoto. Sifa ile niliipenda sana. Lakini ilikuja na masharti yake. Binti mwema haoni wivu. Binti mwema hana hasira. Basi wivu na hasira nikavifungia mahali, na kwa miaka ishirini nikaamini kwa dhati kwamba sinavyo.

Baadaye nilirudi kwenye vitabu nikiwa mama wa watoto wawili, nikafanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, kisha nikasomea ushauri nasaha. Nimeketi pande zote mbili za meza ya mshauri, upande wa anayelia na upande wa anayesikiliza. Ninaandika kwa sababu maneno haya, "likabili giza lako," siku hizi yanatamkwa kila mahali, na nimeona yakimponya mtu mmoja na kumuumiza mwingine, kwa kuwa wote wawili walidhani wanaambiwa jambo lile lile.

Kivuli ni nini

Neno ambalo wanasaikolojia wengi wamelizoea ni kivuli. Lilienezwa na Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyezaliwa 1875 na kufariki 1961. Kwake, kivuli hakikuwa pepo wala dhambi ya asili. Ni fungu la nafsi ambalo mtu amekataa kulihesabu kuwa lake.

Mtoto huzaliwa na kila kitu: ukali, huruma, uchoyo, ucheshi, woga, kiburi. Kisha anajifunza kipi kinamletea kukumbatiwa na kipi kinamletea kofi. Hajifunzi kwa maneno. Anausoma uso wa mama, ukimya wa baba, kicheko cha shangazi. Kile kinacholeta kofi hakifi. Kinasukumwa nyuma, na mwenyewe husahau kwamba kiko huko. Mvulana aliyeambiwa kila akianguka kwamba mwanamume halii hapotezi machozi, anapoteza njia ya kuyafikia, na ndiyo maana huzuni yake ikija utu uzimani inatoka ikiwa imevaa nguo za hasira, au za chang'aa, au za maumivu ya mgongo ambayo kila kipimo hospitalini kinasema hayapo.

Watu husahau pia kwamba kivuli hakijai maovu pekee. Nimekutana na wanaume wa pande hizi ambao walichokificha gizani ni upole wao. Nimekutana na wanawake ambao walichokificha ni akili zao, kwa kuwa nyumbani kwao msichana mwerevu aliitwa mjeuri. Anayeogopa kutazama ndani kwa hofu ya kukutana na mnyama anaweza kukuta mtoto aliyekuwa akiimba.

Je, mtu ataonaje kitu asichojua kuwa nacho? Wahenga walijibu zamani: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii tunaitumia kumsuta mtu, lakini ndani yake mna maelezo sahihi kabisa ya namna nafsi inavyofanya kazi. Tulichokificha ndani tunakiona kwa wengine, tena tunakiona kikiwa kikubwa. Yule mama wa chama alikuwa na kitu kimoja nilichojinyima tangu kidato cha pili, nacho ni ruhusa ya kusema sina. Mshauri wangu wa kwanza, mama wa makamo mwenye subira isiyo na mwisho, aliniuliza swali moja tu juu yake: "Yeye anajiruhusu nini ambacho wewe hujiruhusu?" Nilikasirika hivi kwamba wiki iliyofuata sikwenda.

Lazima niseme wazi kwamba si kila chuki ni kivuli. Mtu akikuibia ng'ombe ukamkasirikia, hasira hiyo ni ya haki na haina fumbo lolote. Dalili ya kivuli ni kipimo. Hasira inapozidi kosa mara kumi, uji wa shilingi kumi unapoamsha kilio cha miaka ishirini, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

Mgeni wa Mlima Elgon

Wengi wa huku kwetu hawajui kwamba huyo Jung aliwahi kupiga kambi Mlima Elgon. Ilikuwa mwishoni mwa 1925. Akiwa na wenzake wachache alipitia Kakamega, akapanda miteremko ya mlima na kukaa wiki kadhaa jirani na watu aliowaita Elgonyi, ambao leo tunawajua kama Wasabaoti. Alikuwa Mzungu wa enzi ya ukoloni, na baadhi ya aliyoyaandika kuhusu Waafrika yananichoma nikiyasoma, kwa sababu alituona kama binadamu walio bado utotoni. Hata hivyo aliketi na wazee akasikiliza. Mikutano yao aliiita kwa neno letu, shauri.

Aliona kwamba asubuhi jua likichomoza watu walitemea mate viganjani, wakavinyosha viganja kulielekea. Jua la dakika ile ya kuchomoza waliliita adhista. Mchana, wazee walimwambia, kila kitu ni chema. Lakini jua likizama ulimwengu unabadilika, unakuwa wa ayik, mleta hofu, anayempitia msafiri wa usiku kama upepo wa baridi. Kukipambazuka, habari ya ayik imekwisha na wema unarudi bila mgongano wowote. Alipouliza juu ya mizimu, kikao kizima kilinyamaza na watu wakatazama pembeni.

Nikisoma habari hizo nasikia nyumba ya nyanya yangu. Nasikia jinsi mambo fulani yalivyosemwa mchana tu, na jinsi jina fulani lisivyotajwa baada ya taa kuwashwa. Wengine wataona ushirikina. Mimi naona watu waliolipa giza saa zake na jina lake, wakalitambua kuwa ni nusu ya maisha, kisha wakaamka na kwenda shambani. Sisi tuna umeme na simu, na tunaishi kana kwamba usiku wa moyo haupo. Tunapoulizwa habari, jibu ni "nzuri" hata kama jana tulizika.

Kuna jambo la pili kutoka safari ile ambalo haliniachi. Jung alimuuliza mganga mmoja mzee, laibon, kuhusu ndoto zake. Yule mzee machozi yakamlengalenga. Alisema zamani malaiboni waliota, wakajua kama inakuja vita au maradhi au mvua. Tangu Wazungu waje, hakuna aotaye tena. Ndoto hazihitajiki, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu. Ninaamini yule mzee alikuwa akieleza kidonda. Mtu akinyang'anywa mamlaka ya kujua habari zake mwenyewe, taratibu anaacha kujisikiliza. Mkoloni alikwisha kuondoka, lakini tabia ya kungoja mtu mwingine atuambie tunahisi nini imebaki, na anayetuambia leo anaweza kuwa mhubiri, mume, au video ya simu.

Kwa nini kuficha hakusaidii

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwaambia watu wakae dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele zililia. Cha kushangaza zaidi ni kilichofuata: waliporuhusiwa sasa kumfikiria huyo dubu, walimfikiria kuliko watu ambao hawakuwahi kukatazwa. Mjaribu hata wewe fisi. Ili usimfikirie fisi, sehemu moja ya akili lazima ikae macho ikimtafuta fisi, ijue kama ameingia. Mlinzi huyo ndiye anayemleta.

Ndivyo ilivyo kwa fedheha, hofu na chuki. Kuzibana kunakula nguvu za mtu kimyakimya. Anayeshinda akijizuia asilie hurudi nyumbani amechoka bila kubeba gunia lolote, kisha anashangaa kwa nini hana subira na watoto.

Anayeishi Kisumu ana mfano mbele ya macho yake. Gugu maji liliingia Ziwa Victoria kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Unaamka asubuhi, Ghuba ya Winam iko wazi, mitumbwi ya Dunga inapita, unasema limekwisha. Jioni upepo ukigeuka linarudi na kuziba gati. Watu wameling'oa kwa mikono na kwa mashine, lakini mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja, na maji taka pamoja na mbolea kutoka mashambani vinaendelea kulilisha. Kuondoa jani lililo juu ni kazi ya lazima, wavuvi lazima wapite. Ila anayetaka ziwa lipone sharti aulize pia ni nini kinacholilisha, na kinatoka mto gani.

Magiza hayafanani

Hapa ndipo ninapowaona watu wengi wakipotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tunaposema giza la ndani tunachanganya mambo yasiyofanana. La kwanza ni hicho kivuli nilichokieleza: tabia na hisia zako mwenyewe ulizozikana. Hicho kinatibika kwa kukiri. Hasira yangu ilipopata jina na kiti, iliacha kuvunja vikombe.

Kiwewe ni kitu kingine kabisa. Hapa giza hukulileta wewe, uliletewa. Mtoto aliyenajisiwa, mama aliyeona nyumba yake ikichomwa Nakuru au Naivasha mwanzoni mwa 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, mtu wa Mlima Elgon aliyepotelewa na kaka katika miaka ile ya SLDF, wapiganaji wa kugombania ardhi, na operesheni ya jeshi: hao hawana "upande wa giza" wa kukiri. Kumwambia mtu wa namna hiyo atafute mchango wake katika kilichompata ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole. Kazi yake ni tofauti. Mwili wake umebaki siku ile, unaruka mlango ukigongwa, na unahitaji kujifunza kidogo kidogo kwamba siku ile imepita. Anahitaji usalama kwanza, simulizi baadaye. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile za uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Walioona kwa macho yao na kubaki hai hawajawahi kuhesabiwa, na wako nasi sokoni Kibuye na stendi ya Nakuru wakituuzia nyanya.

Kisha kuna hatia ya kweli. Hii watu hawapendi kuisikia. Wakati mwingine kilicho gizani ni jambo ulilomfanyia mtu. Ulimpiga, ulimdhulumu shamba, ulishika panga. Giza la aina hii halimalizwi kwa kujikumbatia na kujisamehe mbele ya kioo. Linataka uende kwa uliyemkosea, kama yuko tayari kukuona, na ulipe unachoweza kulipa. Nimewaona wazee wakipona usingizi wao siku waliyorudisha kipande cha shamba.

Na kuna ugonjwa. Huzuni nzito inayodumu wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, usingizi umekimbia au umezidi, mikono imelegea, mtu anajiona hana thamani. Au akili inaposikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huo si mtihani wa kiroho wala somo la kujitafakari. Ni maradhi, yana dawa na yana wataalamu. Mgonjwa wa namna hii ukimwambia azame ndani zaidi, unamzamisha.

Mtu mmoja anaweza kubeba yote manne kwa pamoja, na hapo ndipo anahitaji mwenzake wa kumshikia taa.

Kulitaja, kwa kiasi

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Matthew Lieberman, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hofu na ghadhabu huku wakipima shughuli za ubongo. Mtu alipoipa hisia aliyoiona jina, amigdala, kile kiungo kidogo cha ubongo kinachopiga king'ora cha hatari, ilitulia. Kabla yake, mwaka 1986, James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku zile, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida.

Hiyo huzuni ya siku za mwanzo usiipuuze. Wengi huacha hapo, wakidhani wamekosea. Hawajakosea; jipu likitumbuliwa huuma kabla ya kupoa. Lakini zingatia pia kipimo: dakika 15, siku nne. Hakusema mtu aandike usiku kucha mwaka mzima. Kurudia kidonda kile kile kichwani, kwa maneno yale yale, bila kusogea, ni kutafuna, na kutafuna huzidisha huzuni. Tofauti unaiona baada ya nusu saa. Aliyelitazama giza anatoka na neno jipya hata kama ni dogo: kumbe haikuwa hasira, ilikuwa kuachwa. Anayetafuna anatoka alikoingilia.

Mimi niliandika kwenye daftari la mahesabu ya chama, kurasa za nyuma, kwa Kibukusu. Hilo la lugha nalisisitiza. Kwa Kiswahili na Kiingereza niliweza kusema "nilijisikia vibaya" na kupita. Kwa lugha ya mama sikuwa na pa kujificha, kwa sababu ndiyo lugha niliyoambiwa nayo nifunge sanduku.

Hadharani na pamoja

Nikiwa chuoni nilidhani haya yote ni maarifa ya kigeni. Kisha nikakumbuka kumuse. Kwa sisi Wabukusu, mzee wa heshima akifariki, siku chache baada ya maziko huitwa msemaji maalumu, omuswali. Anatembea katikati ya uwanja akiwa na fimbo, watu wameketi kumzunguka, na hakuna wa kukatiza njia yake. Anasimulia ukoo ulikotoka, marehemu aliishije, na halambi watu miguu. Anataja ugomvi, anakaripia ubahili, anaonya. Huzuni ya familia moja inawekwa mahali ambapo kila mtu anaiona, na maneno yaliyokuwa yakinong'onwa nyuma ya jikoni yanapata mchana. Majirani zetu Waluo nao wana tero buru: mzee akifa, wanaume wanaswaga ng'ombe kwa mikuki na nyimbo hadi mpakani, wanapigana na kifo kana kwamba kina mwili. Yeyote aliyewahi kuona vumbi lile anajua kwamba hasira ya msiba inahitaji miguu.

Sisemi turudishe kila kitu. Kumuse ni ya wazee wanaume wa hadhi, na maumivu ya mwanamke yalipata nafasi ndogo sana uwanjani pale. Nasema tu kwamba wazo la kulitoa giza nje, kwa utaratibu, mbele ya watu, likiwa na mwanzo na mwisho, halikuja na ndege.

Na lina ushahidi wa karibu. Kusini mwa Uganda, katika eneo la Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa 2003 ulifanyika katika vijiji 30. Wenyeji walikuwa na majina yao wenyewe ya sonona, ile huzuni nzito ya ugonjwa, moja likimaanisha kujichukia. Vikundi vya wanaume na vya wanawake vilikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa pale pale waliopewa mafunzo. Walizungumzia misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha. Dalili za sonona zilipungua kwao kwa kiasi kikubwa kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Hakukuwa na kochi la ngozi wala daktari kutoka mbali. Kulikuwa na benchi, watu wanane hivi, na ahadi ya kutotoa siri nje.

Vyama vyetu vya kina mama vina benchi tayari. Vina hata siku na saa. Kinachokosekana ni dakika ishirini kabla ya kuhesabu pesa.

Kuhusu kukemea

Mimi nimelelewa katika kanisa la Marafiki, lililoingia Kaimosi mwaka 1902, na ninasali. Kwa hiyo ninaandika haya kama mtu wa ndani. Nimewaona vijana wakipelekwa kwenye maombi ya ukombozi, wakalazimishwa kufunga kula, wakapigiwa kelele siku tatu kwa sababu ya huzuni iliyoitwa pepo. Nimeona pia maombi ya kimya ya wazee yakimshika mtu asianguke. Tofauti yake ni hii: maombi ya namna ya kwanza yanasema kilicho ndani yako si chako, kitupwe nje. Mtu anatoka akiwa mwepesi siku mbili, kisha hisia ile ile inarudi, na sasa anajiona amelaaniwa kwa kuwa hata Mungu ameshindwa. Ya pili yanakaa na mtu akiwa alivyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mwanga wowote kwenye mstari wa mwisho, na bado imo katika kitabu cha sala. Aliyeiweka pale alijua kuna usiku ambao sala yake ni kuutaja tu.

Wakati wa kutokwenda peke yako

Kama kumbukumbu zinakujia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi, kama saa zinapita usijue zilivyopita, kama unawaza kufa, usijifungie chumbani na daftari. Tafuta mtu aliyefunzwa. Hospitali za rufaa kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu na ile ya Moi kule Eldoret zina huduma za afya ya akili, na laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Wengi waliogopa kusema kuhusu kujiua kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kile, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka katiba. Nimewapoteza watu wawili waliokuwa wakiogopa polisi kuliko walivyoogopa kifo, na nasikitika hukumu hiyo haikuja mapema.

Usimlazimishe mwenzako kusimulia pia. Baada ya balaa watu wema huja na madaftari wakitaka manusura waseme yote siku ile ile. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba kumkalisha kila aliyepatwa na janga kikao kimoja cha kueleza yote hakumkingi na kiwewe, na kunaweza kumzidishia. Siku za mwanzo mpe maji, blanketi, simu apige kwao. Atasema akiwa tayari, na akisema kidogo, kidogo hicho kinatosha kwa siku hiyo.

Msamaha nao usiwahishwe. Mimi niliharakishwa sana: samehe, ni ndugu yako. Nilisamehe kwa mdomo mara nyingi kabla sijajua hata ni nini ninachosamehe.

Desemba moja, tukiwa nyumbani Bungoma, nilimwita yule mdogo wangu tukae chini ya mparachichi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu nikayakariri. Nikamwambia kwamba kwa miaka ishirini nimemwonea wivu. Kwamba alipomaliza chuo kikuu, watu wakipiga vigelegele, mimi nilikwenda nyuma ya choo nikauma leso. Kwamba simdai kitu, ila nimechoka kuwa mwema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama mvua ilishuka Kisumu mwezi ule. Nikamjibu kwamba ilishuka. Tukarudi kwa wengine kula.

Niliumia, sitaficha. Lakini usiku ule nililala, na wiki ile binti yangu alimwaga chai juu ya meza, nikachukua kitambaa.

Baada ya majuma mawili simu iliita, saa nne za usiku. Alikuwa yeye. Hakunisalimu.

"Dada, ile siku ulipofunga sanduku. Ulilia?"

"Nililia."

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa nyuma ya jikoni."